Mizani ya Dukani na Mizani ya Wimbo

Katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, ipo nyumba ambayo tangu Novemba 2019 imefanywa makumbusho ya mtu mmoja. Alizaliwa mjini humo tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akafariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Wageni huja kwa makundi, na wenyeji wenye kujivunia mtu wao husimama mlangoni wakiwatazama. Lakini akiulizwa mwenyeji huyo anajivunia nini hasa, jawabu huja kwa tarakimu. Alikuwa namba moja Uingereza. Alikuwa namba moja Marekani. Vibao kadhaa, majuma kadhaa, santuri milioni kadhaa. Ni mara chache sana kusikia mtu akitaja wimbo kwa yaliyomo ndani yake, jinsi ulivyofumwa, wapi unapanda na wapi unashuka.

Makala haya yanapinga mazoea hayo. Yanayapinga kwa sababu mbili. Kwanza, namba zenyewe hazisemi yale zinayosemeshwa. Pili, ugonjwa huu wa namba umekwisha kuvuka bahari na kuingia katika ukumbi wa ushairi wa Kiswahili, na huko madhara yake ni makubwa kuliko kupotoka kwa sifa za mwimbaji mmoja aliyekwisha kufa.

Ianzwe na namba. Orodha ya kwanza ya vibao nchini Uingereza ilichapishwa Novemba 1952 katika jarida la New Musical Express, na njia ya kuipata ilikuwa nyepesi mno: mtu wa jarida alipiga simu katika maduka kama ishirini akauliza nini kimeuzwa. Basi. Kutokana na simu hizo ikazaliwa amri ya kusema huu ni wa kwanza na huu ni wa tano. Kuanzia mwaka 1969 kazi hiyo ilishikwa na ofisi ya utafiti wa soko, ambayo ilikusanya daftari kutoka maduka 250 hivi. Muuzaji aliandika kwa mkono kila santuri aliyoiuza, kisha akaitia daftari katika posta. Mpaka mwaka 1983, kompyuta zilipoingia, orodha iliyotangazwa na redio ya taifa kwa sauti ya heshima ilitegemea kalamu ya mtu wa dukani, na uaminifu wake, na kama siku hiyo alikuwa na haraka. Kampuni za santuri zilijitahidi kuyajua maduka yenye daftari, na si siri tena kwamba wapo waliotuma watu wakanunue mzigo wao wenyewe. Huko Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 1959 na 1960 bunge la nchi hiyo lilichunguza hongo walizopewa watangazaji ili wapige santuri za watu fulani.

Hii ndiyo mizani inayoletwa barazani leo kama ushahidi wa ubora.

Atasimama mtu aseme: hata kama mizani ina kasoro, watu ndio waliochagua, na sauti ya wengi haipuuzwi. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Ila aulizwe, watu gani? Orodha ya Uingereza ilimhesabu aliyekuwa na fedha ya santuri, katika nchi moja, katika juma moja. Aliyesikiliza kwa jirani hakuhesabiwa. Msichana aliyenakili kanda kutoka kwa mwenzake hakuhesabiwa. Mwambao mzima wa Afrika Mashariki, ambako nyimbo za Ulaya zilifika kwa mawimbi ya redio na kwa kanda zilizonakiliwa mara kumi mpaka sauti ikachuja, haukuhesabiwa hata siku moja. Vipi basi Mwambao huo huo ujivunie hesabu ambayo wenyewe haukuwamo?

Tena namba hizo, hata zikichukuliwa zilivyo, zinapingana. Wimbo wa «Bohemian Rhapsody» ulitoka mwisho wa Oktoba 1975. Uingereza ulishika nafasi ya kwanza kwa majuma tisa, ukaondolewa Januari 1976 na wimbo wa ABBA unaoitwa «Mamma Mia», maneno ambayo yamo pia ndani ya wimbo ulioondolewa (kama kwamba orodha ina dhihaka zake). Marekani wimbo huo huo uliishia nafasi ya 9. Mwaka 1991, mwimbaji alipofariki, ukarudi kileleni Uingereza kwa majuma matano. Mwaka 1992 ukafika nafasi ya 2 Marekani kwa sababu sinema moja ya kuchekesha, «Wayne's World», iliwaonyesha vijana wakiuimba ndani ya gari, na aliyeuzuia usiwe wa kwanza ni Kris Kross, watoto wawili waliovaa suruali nyuma mbele. Mwaka 2018 ikatoka filamu juu ya maisha ya Mercury, na wimbo ukaingia tena katika orodha ya Marekani, safari hii ukafika nafasi ya 33.

Tisa, mbili, thelathini na tatu. Wimbo haukubadilika hata pumzi moja. Sauti ni ile ile, gitaa ni lile lile, mkanda ni ule ule. Kilichobadilika ni mizani. Mwaka 1976 orodha ya Marekani ilichanganya taarifa za maduka na za redio zilizotolewa kwa kauli ya watu. Mwaka 1992 ilikwisha kutumia mashine zinazosoma alama za bidhaa. Mwaka 2018 ilihesabu pia usikilizaji wa kwenye intaneti. Jina la orodha ni moja, vipimo ni vitatu. Mfanyabiashara wa karafuu aliyepima gunia moja mara tatu akapata uzito mbalimbali angeshuku ratili zake. Wapenzi wa namba hawashuki kitu.

Sasa uangaliwe wimbo wenyewe, kwani hapo ndipo penye neno. Una takriban dakika sita. Hauna kibwagizo. Jambo hilo peke yake lingetosha kuuua sokoni, maana kibwagizo ndicho anachokishika mnunuzi akatoka nacho dukani. Unaanza kwa sauti zilizopangwa bila ya ala, unaingia katika maombolezo ya kijana mbele ya mama yake, unapita katika gitaa, unageuka kuwa mchezo wa jukwaani wenye sauti nyingi zinazojibizana, unalipuka, kisha unatulia na kuzimika. Katika mchezo ule wa kati, miongoni mwa majina ya Kitaliana, linatajwa neno «Bismillahi». Mtoto wa Kiparsi aliyekulia Unguja alilisikia neno hilo kila siku, mlangoni, sokoni, kwenye sahani ya chakula. Si dini yake, kwao walifuata Zoroasta. Lakini lilikuwa katika hewa ya mji wake. Hakuna orodha iliyowahi kuwa na safu ya kuandikia jambo kama hilo. Malenga wa pwani angeona papo hapo kwamba majibizano yale ni ndugu wa mbali wa kujibizana kwa washairi, ambako upande mmoja unafunga na upande wa pili unafungua, na hadhira haijui mpaka mwisho nani ameshika ufunguo. Huenda akaona pia kwamba utungo usio na kituo si lazima uwe utungo usio na umbo. Yapo mengi ya kuzungumza hapo. Nani anayazungumza?

La kuzingatia zaidi ni kwamba hata huo ushindi wa mwaka 1975 ulipatikana kwa kuasi soko. Wakubwa wa biashara waliuona wimbo kuwa mrefu mno kwa redio, na ungefuatwa ushauri wao ungekatwa. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, aliupata kabla haujatoka, akaupiga mara 14 katika siku mbili. Watu wakaenda madukani kuutafuta nao haujafika. Hapo orodha ilifuata, haikuongoza. Alianza mtu mmoja mwenye sikio na ukaidi. Hesabu zikaja baadaye kuandika lililokwisha kutokea, kama karani anavyoandika harusi ambayo hakuozesha yeye.

Na yale ambayo karani hakuyaandika? «We Will Rock You» ilitolewa mwaka 1977 ikiwa upande wa pili wa santuri ya «We Are the Champions». Uingereza upande wa kwanza ulishika nafasi ya 2. Upande wa pili haukupewa nafasi yake yenyewe, kwa kuwa ulikuwa mgongo wa santuri. Leo hakuna kiwanja cha mpira duniani kisichoujua mkwaju wake wa miguu miwili na kofi moja. Ulikuja kufika namba moja Uingereza mwaka 2000, pale kundi la vijana liitwalo Five lilipourudia pamoja na waliobaki wa Queen, toleo ambalo sasa halikumbukwi na wengi. Kwa hukumu ya orodha, basi, lile la vijana ni bora na lile la asili halikuwapo. «Don't Stop Me Now» mwaka 1979 ilifika nafasi ya 9 Uingereza na ya 86 Marekani. Themanini na sita! Wimbo ambao hivi sasa huimbwa katika kila sherehe ya watu waliozaliwa miaka ishirini baada yake. «Innuendo» ilishika nafasi ya kwanza Uingereza mwezi Januari 1991, ikakaa juma moja tu, na nje ya mashabiki wa kweli wachache huitaja. «The Show Must Go On», iliyotoka majuma machache kabla ya kifo cha mwimbaji, ilifika nafasi ya 16, na ndiyo inayoliza watu.

Hata ile albamu ya mkusanyo ya mwaka 1981, «Greatest Hits», ambayo imekuwa albamu iliyouzwa zaidi kuliko zote nchini Uingereza na kuvuka nakala milioni 7 mwaka 2022, haikuwa kitu kimoja. Nchi mbalimbali zilipewa mpangilio wa nyimbo uliofuata kilichouzika huko. «Vibao bora» vya London havikuwa vibao bora vya kwingine. Kama ubora ungekuwa jambo la namba, ubora huo ungebadilika kila mpaka wa forodha.

Lipo jambo zito zaidi ambalo namba hulifunika, na hapa wanaojivunia wanapaswa kukaa kitako. Mwaka 1984 Queen walitoa santuri nne za wimbo mmoja mmoja kutoka albamu yao «The Works», nazo zilishika Uingereza nafasi ya 2, ya 3, ya 6 na ya 13. Ni mwaka mzuri kwa karani. Mwezi Oktoba mwaka huo huo bendi ilikwenda kupiga Sun City, katika Bophuthatswana, kijinchi cha bandia kilichoundwa na makaburu na ambacho nje ya Afrika Kusini hakikutambuliwa na dola yoyote. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na jina la bendi likaingia katika daftari la Umoja wa Mataifa la waliovunja mgomo huo. Wenyewe walijitetea kwamba wao ni wanamuziki, wanampigia yeyote atakaye kusikia.

Wakati huo Tanzania, ambayo Unguja ni sehemu yake, ilikuwa ikiwahifadhi wakimbizi wa siasa hiyo hiyo ya kaburu. Watoto wao walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro, katika shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya Pretoria mwaka 1979. Mzaliwa wa Unguja akaimba Sun City. Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, alisimama Wembley katika tamasha la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia, akaushika uwanja mzima kwa dakika ishirini hivi, na wajuzi wengi husema haijapata kutokea zamu kama ile. Yote mawili ni yake. Mwenye kumpenda kwa haki humpokea na yote mawili, akamsifu kwa moja na kumlaumu kwa jingine. Mwenye kumpenda kwa namba halazimiki kujua hata moja.

Vivyo hivyo kwa wapinzani wake kisiwani. Septemba 2006 ilipangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya moja ya kidini ikapinga kwa sababu ya mwenendo wake, na sherehe ikavunjwa. Upande mmoja ulitaja watalii watakaokuja, upande wa pili ukataja dhambi. Katika mabishano yaliyoripotiwa hakuna upande uliotaja wimbo. Ajabu ya mambo ni kwamba mahasimu hawa walikubaliana katika jambo moja: kwamba kazi ya mtu huyo haina haja ya kusikilizwa ili ahukumiwe.

Hapa ndipo madhara yanapoingia nyumbani. Tangu simu za mkononi zienee, pameibuka mashindano ya ushairi na uimbaji yanayoamuliwa, kwa sehemu au kwa yote, kwa kura za ujumbe wa simu. Mwenye ukoo mkubwa hushinda. Mwenye fedha ya kununulia vocha hushinda zaidi. Siku hizi ujumbe umepisha YouTube, na msanii wa taarabu au wa muziki wa kizazi kipya akihojiwa redioni juu ya wimbo wake mpya, swali la kwanza ni watazamaji wangapi kwa siku ngapi. Naye hujibu kwa fahari, wala halaumiwi, maana ndilo aliloulizwa. Kina kikivunjika, mizani ikipwaya, neno likitumiwa pasipo mahali pake, hakuna swali. Vijana wenye kipaji wanajifunza upesi kwamba beti tatu za maneno mepesi na kibwagizo kimoja cha kukaririka zinalipa kuliko utungo wa kufikiriwa. Wanaotunga kwa bidii wanaambiwa: mbona huna watu?

Pwani hii ilijua kupima kwa njia nyingine. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, zilikaa vifuani mwa watu miaka kadhaa kabla ya Mwalimu Sikujua na William Taylor kuzikusanya, na diwani ikachapishwa na Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Nani angemweka Muyaka namba ngapi katika juma lipi? Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, kampuni ilihesabu santuri, na ilikuwa haki yake kuhesabu, ni biashara. Lakini waliokaa vibarazani Ng'ambo walizungumza juu ya maneno yake: hili alimkusudia nani, fumbo lile lina mlango wapi. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyomfikisha kwa wajukuu. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizifuata nyimbo hizo kwa miguu yake na hakuhitaji orodha kumwambia ipi ya kuimba.

Haitakiwi kudhaniwa kwamba soko ni adui. Mshairi naye hula. Mwimbaji anayeuza ana haki ya kufurahi, na Mercury mwenyewe hakuwahi kuficha kwamba alipenda kushinda. Kosa ni la wasikilizaji na wahariri na waandaaji, ambao wameikabidhi karani kazi ya hakimu kwa sababu kazi ya karani ni nyepesi.

Basi yapo ya kutakiwa, nayo hayagharimu. Waandaaji wa mashindano ya mashairi watangaze kwa maandishi kwa nini utungo ulioshinda umeshinda: ubeti upi, mshororo upi, picha ipi, na uliofuata ulipungukiwa na nini. Kura za simu, kama haziepukiki, ziwe na zawadi yake mbali, ziitwe kwa jina lao. Watangazaji wamuulize mtunzi juu ya neno moja, moja tu, katika wimbo wake kabla ya kumuuliza watazamaji. Na makumbusho yote ya wasanii visiwani, ya huyu na ya wengine watakaojaliwa, yawe na chumba kimoja kisicho na picha wala takwimu, chenye kiti na cha kusikilizia.

Katika chumba hicho ungeweza kuwekwa «Love of My Life», katika toleo la jukwaani lililotolewa Uingereza mwaka 1979 likaishia nafasi ya 63. Mwaka 1981 Queen walikwenda Buenos Aires na São Paulo. Katika uwanja wa Morumbi walikuwapo watu zaidi ya laki moja, wengi wao hawakijui Kiingereza. Mpiga gitaa Brian May alipoanza wimbo huo, wao ndio waliouimba, neno kwa neno, na Mercury akanyamaza akawasikiliza.